Bakuli la Kwanza

"Shangazi, wewe huonji."

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, upawa ukiwa hewani na supu ikidondokea kitambaa cha meza. Najua mlinilaumu. Wengine mmeshaapa kwamba Fundi Saa aliona nzi ndani ya bakuli. Ingekuwa nzi, jamani, ningeimaliza hadithi palepale na kila mtu akaenda zake.

Kwa aliyeingia leo, nitamweleza mbiombio maana foleni inasubiri. Mtaa wetu ni ule unaofungiwa magari kila Jumamosi na Jumapili ili watu wale: meza za chakula pande zote mbili, kuanzia kituo cha mafuta hadi ukuta wa kiwanda kilichokufa. Shangazi anauza supu ya kuku kwenye meza ya kumi na saba. Fundi Saa ni mteja wake, mzee mkavu anayetengeneza saa siku za kazi, na ambaye mwisho wa wiki hukalia kibao cha mwisho cha meza hiyo. Bakuli la kwanza la kila siku ya soko ni lake, halina malipo, na sababu yake anaijua Shangazi peke yake.

Au ndivyo Shangazi alivyoamini mpaka asubuhi hiyo ya Jumapili.

"Sionji nini?" akauliza, akaanza kupanga mabakuli ambayo yalikuwa yameshapangwa.

"Supu."

"Supu nimeipika mimi."

"Kupika umepika. Mimi nasema kuonja."

"Umeamkaje leo, Fundi? Au meno yanakusumbua?"

Fundi Saa hakucheka. Aliinama mbele, kidevu karibu kiguse bakuli, akasema kwa sauti ya mtu anayeficha jambo kanisani au msikitini, chagueni wenyewe. "Chumvi, Shangazi. Kijiko kimoja tu na koo limefunga. Mtu akimaliza bakuli zima ataondoka hapa akitafuta bomba."

Nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu tisa. Wa nne alikuwa Mwenyekiti wa soko, tumbo mbele, kalamu sikioni.

Shangazi aliiona ile kalamu, akafunika sufuria haraka.

Wasomaji wangu wa tangu mwanzo mnaijua siri yake, kwa hiyo mnivumilie nikiwaambia wenzenu. Miaka miwili iliyopita Shangazi alishikwa na homa. Ilimlaza siku tisa, na ilipoondoka iliondoka na ladha na harufu. Alingoja virudi. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mwaka ukapita. Alitafuna tangawizi mbichi mpaka machozi yakamtoka. Machozi aliyasikia, tangawizi hakuisikia.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mume alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na watoto hawakujaliwa. Chumba chake kiko ghorofa ya tatu, na kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hakuna mtu anayemwita. Amezoea kupiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe kabla ya kuingiza ufunguo, kisha anajijibu karibu, ili sauti isije ikamsahau. Siku nyingine anajijibu kwa sauti nene ya kiume, anajicheka, halafu anakaa kitandani na kicheko kinakatika chenyewe.

Jumamosi na Jumapili ndizo siku anazoishi. "Shangazi, niongezee mchuzi." "Shangazi, leo umependeza, unakwenda wapi?" Soko lenyewe kwake lilikuwa limebaki nusu. Aliuona moshi wa nyama ya kuchoma ukipita mbele ya macho yake, akayaona mafuta ya samaki yakichemka meza ya jirani, na puani hakikuingia kitu. Kelele tu na mvuke. Lakini watu walimwita, naye aliitika, na hilo lilimtosha mpaka Jumamosi nyingine.

Soko lina sheria yake. Malalamiko matatu ya maandishi yenye jina lako, meza anapewa mwingine, na wanaosubiri meza ni wengi. Shangazi alikuwa nayo mawili, yote ya siku zile za mwanzo, ulimi ulipokuwa umetoka tu kufa. La tatu ndilo lingemrudisha ghorofa ya tatu moja kwa moja, Jumamosi nayo ikawa kama Jumatano.

Ndipo akabuni ujanja wa bakuli la kwanza. Alipika kwa vipimo: kuku watatu, vitunguu kumi, maji mpaka kwenye alama aliyoikwaruza ndani ya sufuria, vijiko sita vya chumvi kwa kijiko chake cha mbao. Kisha alimpakulia Fundi Saa. Fundi naye alikuwa na taratibu zake: kwanza alimimina nusu kwenye kikopo cha mfuniko, akampelekea mgonjwa wake wa nyumbani, si mbali, kisha akarudi kula. Akirudi, Shangazi humtazama kwa pembe ya jicho. Akinyoosha mkono kwenye chumvi, Shangazi anaongeza chumvi sufuriani. Akiomba maji, anaongeza maji. Akila kimya, foleni inafunguliwa.

Mwaka mmoja na miezi minne, na supu haikukosea hata siku moja. Shangazi alijiona mjanja kweli kweli.

Ila leo Fundi Saa alikwenda na kikopo, na akarudi nacho kimejaa vilevile.

"Shangazi, vipi?" Mwenyekiti akaita kutoka kwenye foleni. "Supu inasubiri kusomewa dua?"

Fundi Saa akasimama na kumgeukia. "Gesi imekwisha, Mwenyekiti. Dakika kumi."

"Mbona moto nauona?"

"Unauona wapi?"

Mwenyekiti akainama kutazama chini ya sufuria. Moto haukuwapo. Kiwiko cha Fundi Saa kilikuwa kimeshapita kwenye swichi ya jiko, na mwenye kiwiko alikuwa anakuna shingo, hana habari na mtu. Foleni ikaguna. Wawili wakahamia kwa muuza mahindi. Mwenyekiti hakusogea, kwa sababu alikuwa na njaa ya tangu alfajiri na alikuwa mtu wa kusimamia jambo.

"Dakika kumi zenu nazihesabu," akasema.

Shangazi akachutama nyuma ya meza kama anayetafuta mtungi mwingine, na Fundi Saa akachutama naye. Walikutana huko chini kati ya ndoo ya maji na gunia la vitunguu.

"Chumvi ngapi umeweka?" Fundi akanong'ona.

"Sita, kama siku zote. Kijiko kilekile."

"Chumvi ileile?"

Shangazi akavuta pakiti kutoka chini ya meza. Ile aliyoizoea ni ya mawe, inakwaruza ukiitia mkononi. Jana dukani ilikuwa imekwisha, akapewa nyingine na hakuuliza. Akachovya vidole. Chumvi ilikuwa laini kama unga.

Mpishi yeyote mwenye ulimi angecheka. Chumvi ya mawe inaacha nafasi nyingi ndani ya kijiko, chumvi laini inajaza kila pembe. Mwenye kuonja hakosei hapo, maana angeweka kidogo, akaonja, akaacha. Mwenye kuhesabu vijiko ndiye anayeweka sita na kufunika sufuria kwa amani.

"Maji," Shangazi akasema. "Naongeza maji. Wewe onja, uniambie ikifika."

"Siwezi."

"Kwani ulimi wako umekwenda likizo?"

"Naweza kukuambia imezidi. Imefika sijui. Sijawahi kujua inafika wapi." Fundi Saa akatazama mikono yake, ile mikono inayoshika vyuma vidogo kuliko punje ya mchele. "Mimi mjumbe tu, Shangazi."

"Mjumbe wa nani?"

Fundi Saa akageuza macho upande wa pili wa mtaa, hatua kumi na mbili, kwenye meza ya chai na mayai ya kuchemsha iliyokuwa imefunikwa turubai la buluu juu mpaka chini.

Ile ni meza ya wifi yake.

Msinipigie kelele, namleta. Wifi ni dada wa marehemu mume wa Shangazi. Supu hii ni ya mama yao, na kwa miaka tisa wanawake hawa wawili waliipika pamoja kwenye meza moja, mmoja akikaanga vitunguu, mwingine akichambua kuku, wakigombania paja la mwisho kila soko linapofungwa. Kisha ikaja homa, na baada ya homa zikaja zile siku za chumvi. Jumapili moja Wifi alimwambia mbele ya wateja, "Umeweka chumvi mara mbili, wifi yangu. Akili umeiacha wapi?"

Ilikuwa ndiyo nafasi ya kusema. Neno moja tu lingetosha. Badala yake Shangazi alisema, "Kama hupendi, hamia kwako."

Wifi akahama. Hakwenda mbali, akaenda hatua kumi na mbili. Na hakupika supu, ingawa hapakuwa na mtu mwingine mtaa mzima anayeijua. Alifungua chai na mayai. Tangu siku hiyo hawakusemezana, wala kutazamana ila kwa kuibia.

"Fundi," Shangazi akasema polepole. "Mgonjwa wako anaumwa nini?"

"Sina mgonjwa."

"Mwaka mzima nampelekea pole."

"Zilifika."

"Kila Jumapili namwekea paja. Nakwambia, kamwambie apone."

"Paja nalo lilifika," akasema Fundi Saa. "Mimi naishi peke yangu, Shangazi. Ningekuwa na mgonjwa nyumbani nisingekuwa nakaa hapa mpaka unakunja meza. Kikopo kinazunguka nyuma ya vyoo na kuingia kwa wifi yako kwa mlango wa uani. Anaonja. Ananiambia ongeza chumvi, ongeza maji, au iache imefika. Narudi hapa najifanya nakula."

Huko juu mtu alikuwa anagonga meza kwa kijiko. Shangazi hakusikia. Aibu ilimpanda kuanzia tumboni hadi masikioni. Mwaka na miezi minne alikuwa anausoma uso wa huyu mzee na kujipongeza kwa akili zake, kumbe uso wenyewe ulikuwa umeagizwa.

"Kwa hiyo mmekuwa mnanicheka."

"Hakuna aliyecheka."

"Mnakutana nyuma ya vyoo, mnakunywa supu yangu, mnanicheka."

"Nimesema hakuna aliyecheka." Hii ilikuwa mara ya kwanza Fundi Saa kumpandishia sauti. Akaishusha tena. "Wiki ya pili tu baada ya kuhama kwake, kitambaa chako kilishika moto kwenye jiko. Moshi ukajaa, watu wa meza tatu wakageuka, wewe umesimama juu yake unakata limau. Wifi yako ndiye aliyenituma nije na maji. Hapo ndipo alipojua. Akasema, huyu akijua nimejua, atafunga meza na hatumwoni tena. Akasema kiburi chako na cha kaka yake vilikutana vikaoana."

Hilo la mwisho lilikuwa la Wifi hasa, neno kwa neno, na Shangazi aliisikia sauti yake ndani ya sauti ya mzee. Alitaka kukasirika zaidi. Alijaribu kabisa, na hasira ikawa haipandi.

"Na wewe," akasema, "ulipata nini katika hayo yote?"

Fundi Saa akafikiri. "Nilipata pa kwenda saa tatu asubuhi."

Walikaa hivyo wamechutama, wazee wawili nyuma ya ndoo, kila mmoja anaona haya kumtazama mwenzake. Shangazi alidhani upweke wa mtaa huu ni wake peke yake. Hakuwahi kuuliza mzee anarudi wapi jioni na kikopo kitupu.

"Dakika saba," Mwenyekiti akatangaza huko juu.

"Basi leo amesema nini?" Shangazi akauliza. "Si umekwenda na kikopo?"

"Hayupo."

"Kumbe hajaja."

"Amekuja. Nimebisha turubai, nikasikia, nenda, leo sipo."

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe."

Haya, niambieni, mtu aliyepo anayesema hayupo mnamfanyaje? Shangazi alifanya kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa mwaka mmoja na miezi minne. Alisimama, akaongeza jagi mbili za maji kwenye sufuria, akakoroga, akapakua bakuli jipya, akafunika sufuria. Akafuta mikono kwenye aproni. Mfukoni mwa aproni mlikuwa na tangawizi iliyopondwa, imefungwa kwenye karatasi ya plastiki, maana kwenye supu ya mama mkwe tangawizi ndiyo inayoingia mwisho kabisa, moto ukishazimwa.

"Kaa na sufuria," akamwambia Fundi Saa. "Usimpe mtu hata tone."

"Shangazi, unakwenda wapi na supu yangu?" Mwenyekiti akauliza.

"Kumuona mgonjwa," akasema, akapita.

Hatua kumi na mbili si kitu, mtoto anazimaliza kwa pumzi moja. Shangazi alizihesabu zote. Katikati ya mtaa alisimama kumpisha mtu wa mkokoteni wa barafu, na nusura arudi. Angesema nini? Ukimwambia mtu ahame, unamwambiaje arudi, na kwa maneno yapi, na nani anaanza?

Alifika kwenye turubai. Akapiga hodi, kwa mdomo, kama anavyoipiga kwenye mlango wake kila siku. Safari hii hakujijibu mwenyewe. Alingoja.

"Hodi," akarudia, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Leo sipo," ikasema sauti ndani.

"Hata mimi leo sipo. Nifungulie."

Kamba ikalegezwa, turubai likafunuka upande mmoja, na Shangazi akaingia kwenye mwanga wa buluu. Wifi alikuwa amekaa juu ya kreti ya mayai, shuka mabegani, macho mekundu. Jiko lilikuwa baridi. Alikuwa amekonda kuliko anavyoonekana kutoka ng'ambo.

"Wifi," akasema Shangazi.

"Wifi," akasema mwenzake.

Wakaishia hapo. Mwaka mzima kila mmoja alikuwa ameandaa hotuba, na hotuba zote mbili zilikuwa zimeanza na neno kwa nini. Hakuna aliyeikumbuka yake.

Shangazi akanyoosha bakuli. "Kuna watu sita na Mwenyekiti. Nimebadili chumvi bila kujua. Nimeongeza maji, sijui kama yanatosha. Onja, tafadhali." Lile neno tafadhali lilimtoka kwa shida, likatoka. "Mimi sisikii kitu, wifi. Tangu ile homa. Ningekwambia siku ile. Niliona aibu mpishi kukosa ulimi, nikaona bora unione mjinga."

Wifi alipokea bakuli kwa mikono miwili. Alichota kijiko, akakipuliza, akakitia mdomoni, na Shangazi akakazia macho ule uso kama alivyoukazia uso wa Fundi Saa asubuhi zote zile. Aliungoja mdomo ukunjane. Alingoja aombe maji.

Uso haukutikisika.

"Tamu," akasema Wifi. "Iache hivyohivyo. Imefika."

Shangazi alivuta pumzi. Angeweza kuondoka hapo hapo, akawahi dakika zake. Lakini kuna kitu kwenye ule utulivu alikuwa anakifahamu. Mpishi akionja huwa anasita kidogo, macho yanapotea, kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa mbali. Wifi hakusita. Alimeza na kutabasamu, haraka, kama mtu anayelipita swali.

Shangazi aliijua ile sura. Aliivaa yeye mwenyewe miaka miwili.

"Tangawizi je?" akauliza taratibu. "Haijazidi?"

"Imezidi kidogo. Lakini watu wanaipenda hivyo."

Shangazi akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kile kifurushi cha plastiki, akakiweka juu ya magoti ya Wifi. Tangawizi yote ilikuwa ndani, haijaguswa.

Wifi aliitazama. Taratibu akaiinua hadi puani, akavuta kwa nguvu, mara mbili, mara tatu. Shuka likamteleza begani.

"Tangu lini?" Shangazi akauliza.

"Alhamisi. Jana nilimwambia Fundi imefika, nikabahatisha. Homa yenyewe imeniacha jana usiku." Wifi alikuwa hamtazami. "Nilidhani leo asubuhi ladha itarudi. Nimekuja mapema, nimechemsha yai, nimekula, nimekula kama ninatafuna karatasi. Nikasema sasa Fundi atakuja na kikopo, na mimi nitamwambia nini? Nani atamwonjea wifi yangu?"

Shangazi akakaa kwenye kreti, kwa kubanana, kama walivyokuwa wakikaa zamani soko linapofungwa. Alitaka kusema itarudi, halafu akakumbuka ya kwake haikurudi. Akamshika mkono tu. Nje muuza samaki alikuwa anaita wateja, mafuta yakipiga kelele, na ndani ya turubai walikaa watu wawili ambao soko lote hilo halikuwanukia kitu. Shangazi alilia, na sijui niwaambieje, hakikuwa kilio cha huzuni tupu. Kwa miaka miwili hapakuwa na mtu wa kumuelewa, na sasa yupo, na kwa kupatikana kwake alikuwa amepoteza ulimi wa mwisho ulioijua supu ile.

"Mapaja yalikuwa mazuri," Wifi akasema, akifuta pua. "Ya Jumapili hasa."

"Nilikuwa nampa mgonjwa."

"Basi mgonjwa alikula."

Nusura wacheke. Ndipo Shangazi alipokumbuka kwamba hajasikia Mwenyekiti akihesabu dakika kwa kitambo kizuri.

Turubai likafunuliwa juu hadi chini, na jua likawaingia machoni. Mwenyekiti alikuwa amesimama pale, mkono mmoja bakuli, mkono mwingine kijiko. Nyuma yake alikuwa Fundi Saa ameshika mfuniko wa sufuria kifuani, na uso wake ulisema kila kitu: mzee alijaribu kuzuia, na tumbo lile halikuzuilika.

Bakuli la Mwenyekiti lilikuwa nusu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga na midomo imemkauka. Alimeza mate, akameza tena. Zile jagi mbili za maji hazikuwa zimetosha.

Akaweka bakuli na kijiko chini, akachomoa kalamu sikioni. Kutoka mfuko wa shati akatoa karatasi ya malalamiko, ya rangi ya njano kama zile mbili alizokuwa nazo Shangazi.

"Nauliza mara moja tu," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Kabla supu hii haijaletwa kwa watu, nani aliionja akasema imefika?"

Shangazi akafungua mdomo. Wifi akauwahi mkono wake, akaubana.

"Mimi," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Mwenyekiti akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akaitazama karatasi yake. Karatasi ile ilikuwa na nafasi ya jina moja tu.